Mwandishi wa Karatasi ya Pili

Bofu, Likoni
11 Septemba 1989

Kwa mwanangu Mwanamkasi,

Natumai barua hii itakukuta mzima kama inavyotuacha sisi. Mamako yuakusalimu sana. Mguu wake umepungua kuuma tangu alipobadilisha viatu, ingawa hataki nikumbushe kwamba ushauri ulikuwa wangu. Kuku wako mweupe ametaga mahali tusipopajua. Twasikia vifaranga ukutani lakini hatuwaoni. Nisalimie mama mwenye nyumba wako, na yule jirani aliyekuazima sufuria ulipohamia, na mfanyakazi mwenzako uliyesema ana homa.

Sasa nikueleze jambo. Ofisini kwetu bandarini Kipevu zimeletwa kompyuta mbili. Unajua nimepiga taipu orodha za mizigo ya meli kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna karatasi iliyowahi kurudishwa kwa kosa langu. Mkubwa wetu ametangaza kwamba mwisho wa Machi kila karani atapimwa kwenye mashine hizo, na atakayeshindwa atapumzishwa. Nina miaka hamsini na miwili. Kupumzika sijakutaka.

Karani mwenzangu Margret amejitolea kunifunza. Ni mtu mwema na ana subira. Lakini kila nikibonyeza kitu maandishi yakapotea, ofisi nzima huja kutazama, na mimi sikuzoea kukosea mbele za watu. Wewe huko ofisini kwa mawakili kompyuta waipiga kila siku. Niambie nianzie wapi.

Baba yako,
Mwidani


Ngara, Nairobi
25 Septemba 1989

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifurahisha, hasa habari ya vifaranga. Huku ni baridi ya kulala na soksi, lakini tu wazima. Mume wangu Rama anakuamkia kwa heshima na anauliza hali ya mguu wa Mama.

Baba, usianze na orodha za mizigo. Anza na mahali ambapo ukikosea hakuna anayedhurika. Nimempa Ngumbao, dereva wa basi anayekaa Changamwe, bahasha ngumu akuletee. Ndani mna diski. Usiikunje wala usiiache juani. Ni mchezo, lakini usicheke kwanza. Huchezwa kwa kibodi nzima, karibu kila herufi ina kazi yake, na mtu akiucheza mwezi mmoja vidole vyake haviulizi tena njia.

Wewe ni ile alama ya a yenye mkia unaoizunguka. Uko ndani ya shimo lenye ghorofa ishirini na sita zinazokwenda chini. Herufi kubwa utakazoziona zikitembea ni maadui. Kule chini kabisa kuna hirizi, na kazi yako ni kuichukua na kupanda nayo mpaka juu. Ukifa, umekufa. Hurudi pale ulipofia, unaanza ghorofa ya kwanza, na shimo lote limejipanga upya, vyumba vingine na milango mingine, kwa hiyo huwezi kulikariri.

Nimetia karatasi ya pili yenye maelezo ya vibonye.

Binti yako,
Mwanamkasi


Bofu, Likoni
19 Oktoba 1989

Kwa mwanangu Mwanamkasi,

Sisi hatujambo, twamshukuru Mungu. Mvua za vuli zimeanza mapema na tumeziba paa la jikoni. Wasalimie mama mwenye nyumba na jirani wa sufuria.

Diski ilifika salama. Hucheza saa ya chakula, mlango nimeurudisha. Mara ya kwanza niliuawa na popo. Nimezaliwa Bofu, popo nimewaona maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunigusa. Kisha kwenye kioo likachorwa kaburi, na juu yake jina langu, na mwaka huu tulio nao, na maneno kwamba nimeuawa na popo. Margret aliyekuwa amekuja kuchukua faili alishika mdomo. Mamako nilipomweleza alisema astaghfirullah, akauliza kama mchezo huo una ruhusa katika dini.

Tangu siku hiyo nimekufa mara kumi na nne. Nimekufa kwa nyoka, kwa njaa, kwa mtego uliofichwa sakafuni, na mara mbili kwa wadudu ambao sitaki kuwataja. Sitaki kukuficha, naona mchezo huu una dhuluma. Mtu hutembea kwa adabu zake, akafungua mlango, akafa.

Jambo jingine. Karatasi ya pili si mwandiko wako. Mwandiko wako nilikufunza mimi, na herufi zako hulala upande wa kulia. Hizi zimesimama wima kama askari. Sitaki kujua ni za nani. Lakini mwambie huyo mwandishi wa karatasi ya pili kwamba amekosea. Ameandika chupa ya buluu ni dawa ya kuponya majeraha. Nimekunywa chupa ya buluu nikapofuka, na nikiwa kipofu nikaingia kwenye maji nikafa.

Baba yako,
Mwidani


Ngara, Nairobi
6 Novemba 1989

Shikamoo Baba,

Mwambie Mama nimepata kitambaa cha kanga alichotaka, rangi ile ile. Kazini kumetulia. Rama anakuamkia.

Mwandishi wa karatasi ya pili anaomba radhi. Anasema rangi za chupa hubadilika kila mchezo unapoanza upya. Buluu ilikuwa dawa katika mchezo wake wa mwisho, naye akaandika kwa kuzoea. Anasema wewe ni mtu wa kwanza kumsahihisha kwa maandishi, na kosa hilo hatalirudia.

Anasema pia mambo mawili, nayaandika kama alivyoyatamka. La kwanza: ukiingia chumba chenye maadui wengi, usisimame katikati. Rudi ujiani, penye njia nyembamba, wakufuate mmoja mmoja. La pili: kila ukifa, usibonyeze kuanza tena papo hapo. Kaa kwanza. Jiulize ni nani aliyekuua, na ulikuwa na kitu gani mkononi ambacho hukukitumia. Yeye anasema katika vifo vyake vyote, vya dhuluma ya kweli havifiki kumi. Vilivyobaki ni haraka yake.

Nikamwambia, "Baba yangu hana haraka." Akaniambia, "Basi atafika mbali kuliko mimi."

Binti yako,
Mwanamkasi


Ngara, Nairobi
20 Desemba 1989

Shikamoo Baba,

Ni wiki sita tangu nikuandikie, na sijapata jibu. Ngumbao anasema alikuona kwenye feri, una afya, ukamwitikia salamu lakini hukumwuliza habari zangu. Kama nimekuudhi niambie. Kama ni kazi, niambie pia. Mwandishi wa karatasi ya pili huuliza kila jioni kama posta kuna kitu.

Mwanamkasi


Bofu, Likoni
13 Januari 1990

Kwa mwanangu Mwanamkasi,

Niwie radhi. Hukuniudhi. Mamako hajambo na ameipenda kanga, ameivaa hata kwa kufulia. Wale vifaranga walijitokeza, sita, kutoka nyuma ya pipa la maji, na sasa wamekua.

Kimya changu kilikuwa cha hasira, na nitakueleza ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Desemba nilifika ghorofa ya kumi na moja. Margret, ambaye siku hizi hucheza nikimaliza mimi, hajavuka ya saba. Nilikuwa nimejiona. Nilikuwa na chupa saba sijazinywa na karatasi nne za uganga sijazisoma, nazihifadhi kwa siku ya shida kubwa. Likatokea jitu. Pigo la kwanza nikasema shida bado. La pili nikasema bado. La tatu nikafa, na chupa zangu zote saba mkononi.

Nikaitoa diski nikaifungia droo. Nilijua mwandishi wa karatasi ya pili ataniuliza nilikuwa na nini ambacho sikukitumia, na sikutaka kumjibu. Kwa hiyo na wewe sikukuandikia.

Sasa sikiliza yaliyotokea tarehe nane mwezi huu. Nilikuwa nimeingiza orodha ya meli nzima kwenye kompyuta, mistari mia mbili na arubaini. Fundi wa rangi akapita na ngazi yake, akaigonga plagi, kioo kikazima. Kazi ya asubuhi yote ikapotea. Karani mmoja alishika kichwa kwa niaba yangu. Mimi nikajikuta nimeshaivuta karatasi ya kwanza na kuanza juu kabisa. Sikujua kwamba sinung'uniki mpaka Margret aliponiuliza, "Mzee Mwidani, hukukasirika?"

Nikamwambia, "Mama, mimi nimekufa mara sitini na moja. Hii ni orodha tu."

Mara ya pili niliihifadhi kila baada ya mistari ishirini, na plagi nikaifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Nilimaliza kabla ya adhuhuri. Mwaka jana ningekaa siku mbili nikitafuta wa kumlaumu.

Jioni ile nilifungua droo. Mwambie mwandishi wa karatasi ya pili: chupa saba. Na nina swali kwake. Ikiwa rangi hubadilika kila mara, mtu atajuaje iliyo dawa na iliyo sumu bila kufa?

Baba yako,
Mwidani


Ngara, Nairobi
28 Januari 1990

Shikamoo Baba,

Tumefurahi, sote wawili. Mwandishi wa karatasi ya pili ameisoma barua yako mara tatu. Alicheka kwenye chupa saba.

Jibu lake ni hili. Chupa usizozijua zinywe mapema, kwenye ghorofa za juu, ukiwa mzima na hakuna adui karibu. Ikiwa ni sumu, utaumwa na utapona. Ukingoja mpaka umezidiwa ndipo ujaribu, hata iliyo dawa hutaijua kwa wakati.

Baba, sasa niruhusu niseme jambo ambalo sijakwambia tangu nilipotoka nyumbani. Niliandika barua tatu nikazichana.

Rama alifeli mtihani wa kidato cha nne. Akarudia, akafeli. Wenzake wakaenda kutafuta kazi Shanzu kwenye mahoteli. Yeye akachukua makaratasi ya maswali, akakaa barazani kwa shangazi yake Kisauni, akapitia swali moja baada ya jingine akitafuta alipopotea. Akagundua kwamba hesabu alizijua, ila alikuwa akijibu kabla hajamaliza kusoma. Mara ya tatu hesabu alipita vizuri kabisa, lakini cheti alikikosa kwa masomo mawili mengine. Baada ya hapo ndipo akaanza kufungua redio mbovu, kisha kompyuta mbovu, kwa namna ile ile.

Alipokuja kuposa ulimwuliza mbele ya wazee amefeli mara ngapi. Angeweza kuficha. Akasema mara tatu. Ukasema mtu aliyefeli mara tatu hana cha kumfunza mtu. Idhini uliitoa kwa ajili yangu, nakushukuru mpaka leo, ukamweka Ami Matano kuwa wakili wako, aozeshe nyumbani kwake. Lakini siku ya nikahi ulisema una kazi, ukaenda Kipevu. Ilikuwa Jumapili, Baba.

Sikuandiki haya kukulaumu. Naona tu unamwandikia kupitia kwangu, na naona unavyomsikiliza. Ukinikasirikia nitapokea.

Binti yako,
Mwanamkasi


Bofu, Likoni
16 Aprili 1990

Kwa mwanangu Mwanamkasi,

Ramadhani inakwenda vizuri, twashukuru. Mamako amekonda kidogo lakini sauti yake iko pale pale. Kuku wako ametaga tena, na safari hii tumemwona.

Barua yako ya Januari ninayo. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza, najikuta naandika habari za kuku.

Kwanza la kazi. Mtihani tulifanya tarehe thelathini Machi. Makarani tisa, wamepita saba. Wa kwanza ni Margret, wa pili ni mimi. Mkubwa alipita nyuma yangu akanitazama vidole, akauliza nilifunzwa wapi. Nikasema nina mkwe wangu Nairobi. Neno lilinitoka hivyo hivyo, na sikulirudisha.

La pili litakuchekesha. Wiki iliyopita nilifika ghorofa ya kumi na tisa. Chupa nilizinywa zote mapema, kama nilivyoelekezwa. Mapigano nilifanyia ujiani. Nikawa nasonga mbele kwa ushindi hata nikasahau kutafuta chakula, nikafa kwa njaa. Mimi nimefunga, nimekaa kitini nina nguvu zangu, na yule wa kwenye kioo amekufa kwa njaa. Mamako nilipomweleza alicheka mpaka akaomba maji, akakumbuka kwamba na yeye amefunga.

Sasa la tatu. Siku ya nikahi yako ofisi ilikuwa imefungwa. Nilijua. Nilikaa langoni kwenye benchi la mlinzi, nimevaa kanzu mpya niliyoishonea harusi yako. Mlinzi alinitazama kanzu akaniuliza, "Mzee, leo kuna meli?" Nikasema ipo. Alinigawia chai yake, tukakaa mpaka alasiri, na kila nikitaka kusimama niende, naona nimechelewa, watu watanitazama nikiingia. Kisha nachelewa zaidi. Hili mamako halijui. Yeye hudhani nilikuwa na hasira siku ile. Hasira ilikwisha asubuhi, kilichobaki ni haya.

Nilikuwa nikijisifu kwamba sijawahi kufeli. Nimekaa mbele ya kile kioo miezi saba, nikaona kwa nini. Sikuwahi kujaribu jambo nisilolijua. Taipureta niliijua, nikakaa nayo. Mtu aliyesema mara tatu mbele ya wazee alikuwa na ushujaa ambao mimi sikuwa nao hata wa kutembea kutoka Kipevu mpaka kwa Ami Matano.

Mwambie Rama kwamba nilimkosea. Mwambie pia ningependa kumwambia mwenyewe. Idd njooni wote wawili, chumba chenu tumekipaka chokaa.

Baba yako,
Mwidani


Ngara, Nairobi
21 Aprili 1990

Shikamoo Baba,

Barua nilimpa aisome mwenyewe. Alitoka nje ya nyumba, akakaa kwenye ngazi kama nusu saa. Aliporudi alikuwa na swali moja tu, kama avae suruali au kanzu. Nimemwambia kanzu.

Ruhusa ya kazi tumepata. Mwambie Mama asipike kwa ajili ya watu ishirini.

Mwanamkasi


Bofu, Likoni
20 Mei 1990

Kwa wanangu Mwanamkasi na Rama,

Ni matumaini yangu mlifika salama na lile boga alilowapa mamako halikupasuka njiani. Nyumba imekuwa kimya. Mamako yuasema kimya chenyewe chamuumiza masikio, na kwamba Rama amesahau kofia yake, naye mamako ameiweka kabatini, haitoi mpaka Rama aje kuichukua mwenyewe.

Rama, nilipokufungulia mlango siku ile nilikuwa nimetayarisha maneno marefu. Wewe ukaniamkia, kisha ukaniuliza nimefika ghorofa ya ngapi, na maneno yote yakanitoka kichwani. Yale machache niliyokwambia baadaye uani ndiyo niliyoweza. Ulinijibu vizuri kuliko nilivyostahili.

Mwanamkasi, najua ulikasirika siku ya tatu ya Idd tulipokwenda ofisini na ufunguo wa Margret tukakaa mpaka biriani ikapoa. Makosa ni ya mumeo. Alibishana nami kuhusu mlango mmoja kwa saa nzima. Mimi nilisema tusifungue, yeye akasema tufungue, tukafungua, tukafa wote wawili kwa mara moja, naye akasema, "Baba, sasa tunajua." Ni mara ya kwanza aliniita hivyo. Sikumwonyesha kitu, lakini nilisikia.

Msikitini Ijumaa iliyofuata waliniuliza yule kijana mrefu aliyeswali kando yangu ni nani. Nikawaambia ni mkwe wangu, fundi wa kompyuta, na kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Mzee mmoja alidhani natania.

Sasa habari yenyewe iliyonifanya niandike leo badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Jana saa ya chakula nilifika ghorofa ya ishirini na sita. Nilikwenda polepole, nina chakula cha kutosha, na kila chupa naijua jina. Margret aliacha ugali wake akaja kusimama nyuma ya kiti. Hirizi ilikuwa kwenye kona ya chumba kitupu, alama ndogo tu, usingedhani ni kitu. Nikaikanyaga, nikaichukua.

Nikaanza kupanda. Ishirini na tano, ishirini na nne. Ujiani, mlango, ngazi. Wenzetu wawili wakaongezeka nyuma yangu, wakawa wanahesabu kwa sauti. Kumi na tano. Kumi. Kwenye ghorofa ya nane niliona ngazi mbele yangu, hatua kama sita, na jitu limelala kando yake. Ningeweza kuzunguka. Nikasema limelala. Halikuwa limelala.

Kaburi likachorwa, na jina langu juu yake, na hirizi imeandikwa miongoni mwa vitu nilivyokufa navyo. Ofisi yote iliguna. Margret alisikitika kuliko mimi, aliweka mkono kichwani akasema, "Mzee, miezi minane."

Nilikaa kidogo nikalitazama, kama nilivyofunzwa. Aliyeniua ni haraka, hatua sita tu za haraka. Halafu nikatazama saa ya ukutani, zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja za chakula. Nikamwomba Margret anisogezee kiti mbele kidogo, nikaanza tena.

Baba yenu,
Mwidani